Kula na kunywa barabarani: mhadhara kwa madereva na mama zetu wa vibanda, Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya

Ndugu zangu madereva na makonda, vijana wa boda, mawakala wa forodha, na mama zangu mnaotulisha hapa kila siku, hamjambo. Nimeombwa nizungumze Kiswahili, na nimefurahi, maana nikitazama benchi hizi naona Mteso, Msamia, Msoga, Mkenya kutoka ng'ambo ya daraja, Msomali, na wale ambao mizigo yao inaelekea Kongo na Juba. Mnaniita musawo, yaani daktari, haya, lakini mimi ni muuguzi niliyesomea lishe. Mwenye dawa zake za presha au sukari asiziache kwa sababu ya maneno yangu ya leo.

Sikuja kuwaambia kwamba chakula cha hapa ni kibaya. Si kweli. Ukizunguka vibanda vya Malaba saa sita mchana utakuta atapa, ugali wa ulezi uliotiwa ukwaju, majani ya kunde yaliyoungwa kwa karanga, maharage, samaki, mukene wale dagaa wadogo, mchicha tunaouita dodo, maparachichi ya kujaza ndoo. Kuna watu mijini wanalipa pesa nyingi kutafuta chakula cha namna hiyo. Shida yetu ni kwamba barabara ndiyo inayotupangia saa za kula na kunywa. Foleni ikisogea, huli. Ikisimama, unakula chochote kinachopita dirishani. Na maji, wengi wetu hatunywi kwa makusudi kabisa.

Nianze na hilo la maji, nalo litanichukua muda.

Dereva hunyimi mwili maji kwa kukosa maji. Unaogopa kusimama. Ukitoka hapa hadi Naluwerere, kule Bugiri, unajua ukinywa chupa nzima utahitaji kuegesha, na si kila mahali trela linaegeshwa, na kuna sehemu ukishuka usiku unakuta tangi la mafuta limeguswa. Kwa hiyo unakausha koo mpaka Jinja. Nawaelewa. Lakini sikilizeni kilichopatikana Uingereza, Chuo Kikuu cha Loughborough, utafiti uliotoka 2015. Walichukua wanaume 11, wakawaendesha saa mbili kwenye mashine inayoiga gari, mara moja wakiwa wamekunywa vizuri, na mara nyingine wakiwa wamepewa maji kidogo sana. Waliokunywa walipewa mililita 200 kila saa, yaani glasi ndogo. Wenye kiu walipewa mililita 25, funda moja hivi. Makosa ya kuhama mstari, kuchelewa kushika breki na mengine ya aina hiyo yalikuwa 47 kwa waliokunywa, na 101 kwa wenye kiu. Watu ni wachache, sikatai, na mashine si barabara ya Bugiri yenye mvua. Hata hivyo, kiu yao haikuwa ya kuzimia. Ilikuwa ile ya kawaida, ambayo wewe unaiita uchovu.

Mnacheka. Ni kweli lakini: ile kichwa kuuma saa tisa alasiri, macho mazito, hasira kwa kijana wa boda aliyekatiza mbele yako, mara nyingi mwili unadai maji, wewe unaupa soda au kahawa.

Sasa kiasi gani? Mmesikia habari ya glasi nane. Mimi siipendi sana hiyo hesabu, kwa sababu haimtofautishi mtu aliyekaa ofisini na yule anayeshusha mifuko ya saruji juani. Wataalamu wa Ulaya wanataja lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume kwa siku, na hapo wamehesabu hata maji yaliyomo kwenye uji, mchuzi na matunda. Kwa jua letu na kazi zetu, ongeza. Lakini kipimo ninachokiamini unacho mwenyewe: tazama mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, na umekojoa mara moja tu tangu asubuhi, umechelewa. Ukibaki hivyo hata baada ya kunywa vizuri, au ukiona damu, njoo kituo cha afya, usingoje safari iishe. Na wale wanaomeza vitamini wasishtuke, zile huupaka rangi ya manjano kali bila ubaya wowote.

Mkojo mzito siku baada ya siku ndio unaotengeneza vijiwe vya figo. Aliyewahi kuvipata hahitaji kuelezwa.

Mzee pale nyuma ananyoosha mkono. Sema, mzee. … Anasema, "Musawo, nikinywa hivyo nitajisaidia wapi?" Swali zuri, na nilikuwa nalisubiri. Mzee wangu, usinywe lita nzima kwa pumzi moja halafu uingie barabarani. Hiyo itakusimamisha kweli. Kunywa glasi mbili unapoamka, kabla hujaanza kukagua matairi na kamba. Utakojoa kabla ya kuwasha gari. Kisha kunywa kidogo kidogo, glasi kwa saa, na ukitaka kunywa kwa wingi, nywea mahali unapojua kuna choo na walinzi. Wewe umeendesha njia hii kuliko umri wa hawa vijana. Vituo unavijua kuliko mimi. Mkibana mkojo saa nne, tano, mnaifundisha kibofu tabia mbaya na mnawapa vijidudu nafasi ya kuzaana.

Kwa mama zangu mambo ni mengine, na hapa nitasema wazi. Mama amesimama mbele ya mkaa tangu alfajiri, jasho linamtoka, na hanywi. Kwa nini? Kwa sababu choo cha kulipia kinakula faida ya chapati, na akiondoka hakuna wa kubaki na sufuria wala pesa. Wanakuja kwetu na maambukizi ya njia ya mkojo, tunawapa dawa, wanarudi tena. Siwezi kumwambia mtu huyo "jitahidi kunywa maji" halafu nikaenda zangu nyumbani. Viongozi wa soko mmekaa mstari wa mbele, nawaona: anayelipa ushuru wa meza asilipishwe tena choo. Na ninyi wenyewe, jirani kwa jirani, wekaneni zamu ya kulindiana vibanda. Haihitaji kikao.

Maji yenyewe yawe salama. Yakichemka mpaka mapovu makubwa yanarukaruka kwa dakika moja, inatosha kwa mwinuko wetu huu. Huna haja ya kuyachemsha mpaka mkaa uishe. Tatizo kubwa ni jerikeni. Maji yamechemshwa vizuri, yamerudishwa kwenye jerikeni lenye utelezi wa kijani ndani. Lioshwe kwa sabuni na mchanga au kokoto ndogo, utikise mpaka utelezi utoke. Dereva asiye na pa kuchemshia ana njia ya jua: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, maji yasiyo na tope, ilale juani saa 6. Siku ya mawingu, siku 2. Lakini si kwenye dashibodi! Kioo cha gari kinazuia ile mionzi inayoua vijidudu. Iweke nje.

Na ukiharisha safarini, maji matupu hayatoshi. Lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Pakiti za dukani ni bora zaidi, ila usife kwa kutafuta pakiti.

Soda sasa. Nimeshika hapa chupa ya mililita 500, na sitataja jina, wote mnaliona. Konda, nisomee mgongoni. Sukari gramu ngapi kwa mililita 100? … Gramu 10 na nukta. Zidisha mara 5. Tumeshapita gramu 50. Kijiko cha chai kinabeba kama gramu 4. Hebu hesabuni, nikiwa namimina sukari kwenye sahani hii … kumi, kumi na moja, kumi na mbili. Na kidogo juu. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu unayopata kwa siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50. Chupa moja imemaliza siku nzima, na bado hujanywa chai. Sijasema usiguse soda mpaka kufa. Nasema isiwe ndiyo maji yako. Inywe siku ya sherehe, au umalize kiu kwa maji kwanza ndipo ufungue soda. Utaona inabaki nusu.

Vile vya kopo vya kuongeza nguvu, vina sukari ile ile na kafeini juu. Kafeini haiondoi usingizi, inauahirisha, na deni unalilipa gizani kwenye kona za msitu wa Mabira. Mwenye usingizi alale. Na ajono, ile pombe ya ulezi, wazee wangu wa mirija, pombe inazuia ile homoni inayoziamrisha figo zitunze maji. Ndiyo maana unaamka ulimi umekauka. Ukiweka mrija chini, kunywa maji kabla ya kulala.

Wenzetu wa Mombasa mnaofunga Ramadhani, msisubiri daku mkajaza tumbo maji yote kwa mara moja. Gawanyeni tangu futari hadi usiku.

Chakula nitakwenda haraka kidogo. Kwa sahani yetu ya Uganda, unaagiza "chakula" na unaletewa posho, yaani ugali wa mahindi, wali, matoke na viazi kwa pamoja, halafu mchuzi na kijani kidogo pembeni kama pambo. Wanga wa aina nne kwa mtu atakayeketi saa sita! Mwambie mama: aina mbili, na nafasi iliyobaki weka maharage na dodo. Pesa ni ile ile. Mboga na matunda vikifika gramu 400 kwa siku uko vizuri, ila viazi na mihogo havihesabiwi hapo, na mimi matoke nayaweka upande huo huo.

Rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, siipigi vita. Chapati moja, mayai mawili, nyanya, kitunguu, kabichi: ni mlo. Zikiwa chapati tatu na yai moja lililopotea katikati, huo ni unga na mafuta. Kikomando nacho, zile chapati zilizokatwakatwa na maharage, maharage yazidi chapati. Ukiweza kuongeza nusu parachichi, umekula kuliko aliyenunua nyama ya kuchoma pale Namawojjolo, barabara ya Jinja, bila mboga. Mukene wanadharauliwa kwa sababu ni rahisi kununua, na ni samaki unayemla mzima na mifupa yake, kwa hiyo kalisi yote unaipata. Waoshwe vizuri tu, wengi huanikwa mchangani. Mkiona viazi vitamu vya rangi ya chungwa, nunueni kwa ajili ya watoto, vina vitamini A. Mtafiti wa Uganda, Robert Mwanga, ni mmoja wa waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya viazi hivyo.

Chai msiinywe pamoja na chakula. Chai na kahawa vinazuia madini ya chuma ya maharage na mboga yasiingie vizuri mwilini. Ngoja saa moja. Ukila embe au chungwa na mlo huo, chuma kinaingia vizuri zaidi. Hili namwambia hasa mama mjamzito, ambaye tunampima damu na kukuta iko chini, na kila siku anateremshia maharage kwa chai.

Karanga na mahindi: Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, mlilala hapa na mizigo yenu, hamjasahau. Sumu ile ndiyo ile ile iliyo kwenye karanga zilizosinyaa na kuota ukungu, na inadhuru ini. Kuipika hakuiondoi. Mama akichambua karanga, zile mbovu asizisage "ili zisipotee".

Mama zangu, ombi langu kwenu ni mawili tu. Ondoeni kikopo cha chumvi mezani. Mtu mzima hahitaji zaidi ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa milo yote, na viungo vya pakiti mnavyokolezea mchuzi vina chumvi tayari. Mteja akiitaka ataomba, na wengi hawataomba. Mahali pa kikopo wekeni jagi la maji ya kunywa lenye kifuniko, na glasi safi. Mteja atakunywa kabla soda haijafunguliwa. Najua soda ina faida yake kwenu, basi uzeni na maji.

Nimemaliza. Mashine ya presha iko pale kwenye meza yenye kitambaa cha bluu, bure. Asije mtu aliyetoka kunywa kahawa sasa hivi au anayebana mkojo, maana vyote viwili vinapandisha namba. Choo kiko nyuma ya ghala, leo hawalipishi. Nenda kwanza, kisha keti kimya dakika tano, ndipo tukupime.