Ndege ya Helwan na Injini Iliyochelewa

Asanteni kwa kufika. Leo nazungumzia ndege moja tu, tena ndogo. Kabla hamjaingia nilipima kutoka meza hii hadi mlango ule, nikapata karibu mita sita. Mabawa ya ndege hiyo, ncha hadi ncha, yalikuwa mita 5.84. Ingeenea hapo.

Iliitwa HA-300. Ilianzia Uhispania. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani walikatazwa kuunda ndege kwao, basi mbunifu wao wa ndege, Willy Messerschmitt, akaenda kufanya kazi na kampuni ya Hispano Aviación, Sevilla. Huko akachora ndege ya kivita nyepesi, bawa la pembetatu, ya kupaa upesi na kupita mwendo wa sauti. Uhispania ikaona gharama inaielemea, ikajitoa. Mwaka 1960 Misri ya Gamal Abdel Nasser ikauchukua mradi, ukahamia Helwan, kusini mwa Cairo.

Hapa naomba tutulie kidogo. Ndege ya kivita huchorwa kwa kuifuata injini yake. Unene wa tumbo, matundu ya kuvuta hewa, nafasi ya mafuta, vyote vinaisikiliza injini. HA-300 ilichorewa aina yenye nguvu zaidi ya injini ya Kiingereza iitwayo Orpheus, na Waingereza hawakuimaliza. India nayo ilikwama papo hapo, maana ndege yake ya Marut ilikuwa ikiisubiri injini hiyo hiyo.

Misri ikaamua kuunda ya kwake, E-300, chini ya Ferdinand Brandner, Mwaustria aliyewahi kuunda injini Urusi baada ya kutekwa na Wasovieti. India ikachangia fedha. Jamani, huu ulikuwa uamuzi mzito! Ndani ya injini ya jeti kuna majani ya chuma, membamba kama kisu, yanayozunguka kwa kasi ya kutisha katikati ya moto. Kuyapata yasiyopinda wala kupasuka huchukua miaka mingi, hata kwa nchi zenye viwanda vikubwa.

Machi 7, 1964, Kapil Bhargava, rubani wa majaribio kutoka Jeshi la Anga la India, aliirusha HA-300 kwa mara ya kwanza, ikiwa na Orpheus ya kawaida, dhaifu kuliko iliyokusudiwa. Mwaka 1967 E-300 ikafungwa kwenye Marut moja hapo Misri: Orpheus upande mmoja, E-300 upande wa pili. Mfikirieni rubani aliyekaa mle, injini mbili zisizosukuma sawa, pua ikitaka kukimbilia upande mmoja, miguu yake ikirekebisha pedali bila kupumzika.

Kisha ikaja Juni 5, 1967. Israel iliziteketeza ndege za Misri zikiwa ardhini. Nchi sasa ilitaka ndege zilizo tayari, na Wasovieti walikuwa na MiG-21. Mei 1969 mradi ukafutwa. Mfano wa tatu wa majaribio wa HA-300, uliotengewa E-300, haukupata kuruka.

Wapo wanaosema ndege hii ilishindwa. Siwaungi mkono hata kidogo. Haikuwahi kupewa injini iliyochorewa, na hata hivyo ilipaa.

Mfano wa kwanza, ule ule aliourusha Bhargava, ulipelekwa Ujerumani mwaka 1991, ukakarabatiwa kwa zaidi ya miaka mitano. Sasa umesimama katika jumba la makumbusho la Schleissheim, karibu na München.