Kabla ya Kutupa Dadu: Riwaya za Kale kwa Mcheza Kampeni

KASSIM: Karibuni tena. Leo dadu zimebaki mfukoni, tunaongea vitabu. Kuna swali tunaulizwa kila mara: nacheza Dungeons & Dragons, ule mchezo wa kusimulia hadithi mezani kwa dadu, nimenogewa, sasa nisome riwaya gani?

REHEMA: Na wewe jibu lako linajulikana.

KASSIM: Tolkien, wa The Lord of the Rings. Kwani kuna ubaya?

REHEMA: Ubaya hakuna. Elfi, mbilikimo na mashoka yao, orki, hao wana alama yake, sibishi. Hata hobbit, vile vijitu vyake vifupi, walikuwemo kwa jina lao kwenye mchezo wa mwanzo wa 1974, mpaka wenye haki walipokuja juu, wakageuzwa halfling. Lakini hebu niambie, kampeni yako ya mwisho, ile hadithi ndefu uliyoiongoza kikao baada ya kikao, iliishia wapi?

KASSIM: Dada, huko si tulikubaliana tusifike?

REHEMA: Jibu tu.

KASSIM: Iliishia kikao cha tatu. Nilichora ramani ya bara zima. Niliandika nasaba ya wafalme vizazi tisa. Kulikuwa na fimbo iliyovunjika ya kupelekwa kwenye mlima mwisho wa dunia. Wachezaji wakafika mji wa kwanza, wakaingia kilabuni, wakagombana na mwizi mmoja niliyembuni papo kwa papo, na hapo hapo wakapiga kambi. Mlima hawakuuona.

REHEMA: Basi wachezaji wako hawakuwa kwa Tolkien. Walikuwa kwa Fritz Leiber bila kujua.

KASSIM: Eleza, maana wengi hilo jina ni geni kwao.

REHEMA: Leiber ana watu wawili. Fafhrd, jitu la kaskazini kwenye barafu, na Gray Mouser, kijitu kidogo chenye vidole vyepesi. Walianza kuchapishwa 1939. Hawana unabii, hawana ufalme wa kurudishiwa. Wana madeni na kiu. Wanaishi Lankhmar, mji wa moshi na vichochoro ambako wezi wana chama chao rasmi, chenye jengo na sheria. Mtu akitaka kuanza, aanze na "Ill Met in Lankhmar" ya 1970. Ndimo wanamokutana: kila mmoja kajificha gizani avizie wezi wale wale waliotoka kuiba vito, wakaruka kwa wakati mmoja.

KASSIM: Hiyo ni wahusika wawili kukutana kikao cha kwanza!

REHEMA: Kabisa. Halafu wanalewa, na wakiwa wamelewa wanapanga kujipenyeza kwenye makao ya hao wezi wakijifanya ombaomba. Mpango wa kijinga vile vile wanaoupanga wachezaji wako saa tano usiku. Unacheka, unacheka, mpaka ukurasa fulani kicheko kinakukauka mdomoni. Zaidi ya hapo sisemi. Ilipata tuzo za Nebula na Hugo zote mbili.

KASSIM: Sasa wewe unayapata wapi haya? Maana ukiingia duka la vitabu, hawa hawako mbele.

REHEMA: Nayapata kwa mwenye mchezo mwenyewe. Gary Gygax, aliyeutunga pamoja na Dave Arneson, aliweka orodha mwishoni mwa kitabu cha kiongozi wa mchezo cha 1979. Wenyewe wanaiita Appendix N. Ni majina tu ya waandishi na vitabu vilivyomlisha. Tolkien yumo, ila akitaja waliomgusa moja kwa moja zaidi, anawataja kina Howard, Leiber, Vance, na Lovecraft wa hadithi za kutisha. Tolkien hayumo kwenye hao.

KASSIM: Vance nimemsoma, hapo niachie. Jack Vance, The Dying Earth, 1950. Jua limezeeka, jekundu, watu wanaishi wakijua siku yoyote litazimika. Na wachawi wake... unajua ile kero ya mchawi wa daraja la kwanza kwenye matoleo ya zamani ya mchezo?

REHEMA: Uchawi mmoja, ukishautumia umekwisha, kazi yako iliyobaki ni kubeba taa.

KASSIM: Ndiyo hiyo! Miaka yote nilidhani mtu alikaa akabuni kanuni ya kuwatesa wachawi. Kumbe ni Vance. Kwake maneno ya uchawi ni kama vitu hai, mazito, yanajaza kichwa. Kuna mchawi anaitwa Mazirian, hodari, kajizoeza kweli kweli, na bado kichwani mwake zinaingia nne tu za zile kubwa, au sita za zile ndogo. Akitamka, zimefutika, arudi kitabuni asome upya. Kwa hiyo asubuhi kabla ya kutoka lazima awaze: leo nitakutana na nini? Nilipoisoma hiyo nikaacha kulalamika. Ikageuka raha.

REHEMA: Na yule Vecna wa kwenye mchezo, mchawi mfu mwenye jicho na mkono, panga upya herufi za jina lake.

KASSIM: V, a, n... ah, bwana wee!

REHEMA: Haya. Mimi nije kwa Poul Anderson, Three Hearts and Three Lions. Toleo la kitabu ni la 1961. Mhandisi wa Denmark, Holger, anapigana na Wanazi ufukweni, anapigwa kichwani, anazinduka msituni kwenye ulimwengu wa mashujaa wa Charlemagne, yule mfalme wa kale wa Wafaranki. Farasi anamngoja, silaha zinamkaa sawasawa, ngao ina mioyo mitatu na simba watatu. Humo utamkuta paladini, yule shujaa mtakatifu wa kwenye mchezo. Utakuta pia vita vya Sheria na Vurugu, ambavyo mchezo uliviokota ukavifanya msimamo wa mhusika. Na utalikuta lile zimwi.

KASSIM: Lile ukilikata mkono, mkono unatambaa kurudi?

REHEMA: Lile lile, mpaka ulichome moto. Tolkien ana mazimwi pia, lakini yake yanageuka mawe. Hili la kujiponya ni la Anderson. Ila kinachonifurahisha ni kwamba Holger habwagi uhandisi wake. Kuna jitu linageuka jiwe jua likichomoza, linaacha dhahabu, wenzake wanamwambia usiguse, ina laana. Yeye anapiga hesabu: mwili wa kaboni umegeuka silikoni, lazima kuna mnururisho hapo. Laana ni kweli, ila ni ya fizikia.

KASSIM: Mchezaji wa aina hiyo ninaye mezani. Anachosha.

REHEMA: Mpe kitabu, atulie.

KASSIM: Na Conan je, yule shujaa wa upanga wa Robert Howard?

REHEMA: Soma "The Tower of the Elephant", 1933. Ni fupi, kikao kimoja unaimaliza. Mnara, kito, simba bustanini, buibui mkubwa kama nguruwe juu kabisa. Halafu chumba kinachofuata hakina adui. Kuna kiumbe mwenye kichwa cha tembo, kipofu, aliyeteswa miaka mingi, na yule Conan tunayeambiwa ni msuli mtupu anamwonea huruma. Anatoka mikono mitupu.

KASSIM: Lakini tuseme ukweli. Howard anavyoandika kuhusu watu weusi, kuna hadithi nimezifunga katikati.

REHEMA: Hata mimi. Nyingine siipendekezi kwa mtu yeyote, na sitamtetea eti zama zake. Ndiyo maana nataja hadithi moja, sisemi soma Howard wote. Na orodha yenyewe ina waandishi wanawake watatu tu: Leigh Brackett, Andre Norton na Margaret St. Clair. Mwenzao C. L. Moore ameachwa, jambo ambalo sijawahi kulielewa.

KASSIM: Huyo simjui.

REHEMA: "Black God's Kiss", 1934, jarida lile lile la Weird Tales alimochapisha Howard. Jirel ni mtawala wa ngome ya Joiry, imetekwa. Anatoroka usiku, anafungua mlango wa siri chini ya ngome yake mwenyewe, anateremka kwenye shimo linalozunguka kama njia ya nyoka, anatafuta silaha ya kumuua aliyemteka. Anafika chini, haoni kitu, giza tupu. Mpaka avue msalaba shingoni. Akiuvua, nchi nzima inatokea mbele yake, na nyota zisizo zake.

KASSIM: Subiri. Shimo chini ya ngome, mwaka wa 34? Miaka arobaini kabla ya mchezo?

REHEMA: Arobaini kamili. Na silaha anayoipata ina gharama ambayo anaijua akiwa amechelewa. Kama wewe ni kiongozi wa mchezo, iba hiyo yote. Ule msalaba hasa. Mlango usiofunguliwa kwa ufunguo wala dadu, ila kwa kuacha kitu unachokiamini.

KASSIM: Nimeandika. Elric tumtaje, muda unakwenda.

REHEMA: Huyo ni wa Michael Moorcock. Elric ni mfalme dhaifu, mweupe kama karatasi, upanga unaomeza roho na kumpa nguvu, na haupendi kumeza maadui peke yao. Mchezaji akikuomba upanga wa kichawi, mwazime kwanza kitabu hiki.

KASSIM: Na Le Guin, A Wizard of Earthsea, 1968. Hayumo kwenye orodha, ila mimi naongeza. Uchawi wa majina ya kweli. Ukimaliza Vance usome huyu, uone kuna njia ya pili.

REHEMA: Naunga mkono. Sasa wewe utaanza na kipi?

KASSIM: Leiber. Nafikiri nitawapigia wale wachezaji wangu. Ramani ya bara naikunja, nabaki na mji mmoja na kilabu kile.

REHEMA: Na yule mwizi? Alikuwa anaitwa nani?

KASSIM: Hakuwa na jina. Vikao vitatu walikuwa wanamwita "wewe".