Khor ash-Sham: hori katikati ya majabali ya Musandam

ZUWENA: Karibuni tena, wasikilizaji wetu, na nyinyi wa Maskati mtatusaidia leo. Tuko kaskazini kabisa mwa Omani, rasi ya Musandam, kwenye Mlango wa Hormuz. Kuna hori pale, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, linaitwa Khor ash-Sham: urefu kilomita 16 hivi, majabali kila upande. Kaka Said, watu wa utalii wanapaita Norwei ya Uarabuni.

SAID: Hapo ndipo ninapokataa, dada. Mahori ya Norwei yalichongwa na barafu. Haya ya Musandam ni mabonde yaliyozama.

ZUWENA: Yalizamaje?

SAID: Kwanza bahari ilipanda. Miaka 20,000 iliyopita maji yalikuwa chini kwa zaidi ya mita 100, na Ghuba karibu yote ilikuwa nchi kavu. Halafu ardhi yenyewe inashuka, maana bamba la Uarabuni, yaani kipande kikubwa cha gamba la dunia, linasukumwa chini ya lile la Irani, na ncha ya Musandam inainama nalo. Ukiwa chomboni, tazama jabali linapokutana na maji: matabaka ya mawe ya chokaa yamelala mshazari, mengine yamekunjwa kama mkeka. Na juu ya Jabal Harim, mita 2,087, mwambani mna visukuku, yaani mabaki yaliyogeuka mawe, vya viumbe wa baharini!

ZUWENA: Subhanallah. Sakafu ya bahari iko mlimani, na mabonde yako baharini.

SAID: Ndiyo hivyo.

ZUWENA: Mimi walionigusa ni watu. Ndani ya hori mna kisiwa kidogo, Waingereza waliweka kituo cha simu ya maandishi, yaani telegrafu, mwaka 1864, waya uliopita chini ya bahari kuunganisha India na Ulaya. Joto la kiangazi linapita nyuzi 40, na majabali yanazuia upepo. Hawakudumu, miaka michache tu wakahama. Zimebaki kuta.

SAID: Na wenyeji?

ZUWENA: Wenyeji wapo mpaka leo! Vijiji vidogo chini ya jabali, nyumba chache, mbuzi, mashua ufukweni. Barabara hakuna. Maji ya kunywa wanaletewa kwa boti.

SAID: Kiangazi je?

ZUWENA: Desturi yao ni kuhamia mji wa Khasab, kwenye mitende, msimu wa tende. Joto likipungua wanarudi kuvua. Nasikitika kwamba habari nyingi za hori hili zinawataja Waingereza wa miaka michache, na hawa wa vizazi na vizazi wanapewa mstari mmoja.

SAID: Kweli kabisa, na majahazi ya watalii yanapita mbele ya milango yao kila siku kutafuta pomboo.

ZUWENA: Basi atakayepanda jahazi pale Khasab, amwombe nahodha amtajie vijiji kimoja kimoja: Nadifi, Qanaha, Maqlab, Seebi, Sham.