Pikipiki Inayoshinda kwa Kwenda Polepole

Mhadhara kwa vijana wa karakana na wazee waalikwa, Tanga

Shikamooni wazee wangu. Mafundi wenzangu, vijana, hamjambo?

Nashukuru kwa kualikwa. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, na kwa miaka 23 sasa riziki yangu ni kufungua na kufunga injini za pikipiki huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Wenyeji wangu waliniomba nizungumzie pikipiki za zamani. Hiyo ni bahari, nami nitachota ndoo moja tu: pikipiki za traiali, zile za kabla ya 1965 na zile za Kihispania zilizozifuata.

Nianze na mchezo wenyewe, maana asiyeujua hataelewa kwa nini chombo kiliundwa vile. Traiali si mbio. Hakuna anayemfukuza mwenzake. Porini hupangwa vipande vifupi, unaweza kukitembea kimoja kwa dakika moja: kijito chenye mawe ya kuteleza, mizizi, mteremko wa tope, kona iliyobanwa na miti miwili. Mwendeshaji huteremka kwanza akakisoma kipande kwa miguu, akachagua jiwe la kupandia na jiwe la kukwepa, ndipo anaingia. Pembeni amesimama mwangalizi na kadi yake. Ukigusa ardhi kwa mguu mara moja unaandikiwa 1. Mara mbili, 2. Mara tatu au zaidi, 3. Ukianguka au ukitoka nje ya alama, 5, na katika mashindano mengi ya pikipiki za zamani hata kusimama ni 5. Mwenye alama chache ndiye mshindi. Ukivuka bila kutia mguu chini tunasema umepita safi, na ukimya wa watu waliosimama kandoni wakati mtu anapita safi, injini ikihema kama mtu aliyelala, mimi sijausikia kwenye mchezo mwingine wowote.

Vijana wa bodaboda wa kwetu milimani wanaijua hesabu hii bila kuandikiwa na mtu. Masika yakishika, njia za juu ya Lushoto zikawa sabuni, anayefikisha abiria ni yule mwenye mkono mtulivu kwenye klachi. Mwenye kukoroga mafuta utamkuta bondeni.

Mashindano makuu ya mchezo huu ni ya siku sita ya Scotland, yenye mizizi ya 1909. Tangu 1938 makao yake ni Fort William, chini ya mlima Ben Nevis, na hufanyika kila Mei. Jirani hapo, Kinlochleven, kuna kipande kinachopanda sambamba na mabomba yaliyopeleka maji kwenye kiwanda cha aluminiamu. Ni ukuta wa mawe. Ukisimama chini yake na pikipiki ya chuma ya 1958, magoti yanakuambia ukweli kuhusu mazoezi yako.

Sasa nije kwa mtu ambaye bila yeye mada hii haina uti wa mgongo. Sammy Miller, mzaliwa wa Belfast, 1933. Alikuwa bingwa wa Uingereza mara 11 mfululizo, kuanzia 1959 hadi 1969, na yale ya siku sita aliyashinda mara tano. Pikipiki iliyomtangaza ilikuwa Ariel HT5, silinda moja, stroko nne, yaani mafuta huwaka mara moja kila pistoni inapopanda mara mbili, cc 497, namba yake ya usajili GOV 132. Ilipotoka kiwandani ilikuwa nzito. Miller aliikata mwaka baada ya mwaka: chuma hiki kikawa aluminiamu, kile kikawa faibaglasi, hiki kikang'olewa kabisa. Hakuna aliyemwambia aibakishe kama ilivyozaliwa. Kila Jumapili ilimfundisha kitu, na kila Jumatatu alikwenda karakana na msumeno.

Kisha, mwishoni mwa 1964, akaiacha. Alikuwa amekwenda karibu na Barcelona, kwenye kiwanda cha Bultaco. Mwenye kiwanda, Francisco Xavier Bultó, alikianzisha 1958 baada ya kutoka kiwanda cha Montesa, ambako wenzake waliamua kuacha mashindano na yeye hakukubali. Kwa siku zisizotimia wiki mbili Miller na mafundi wa pale waliunda chombo kipya: stroko mbili, yaani mafuta huwaka kila pistoni inapopanda, cc 244, kilo 90 na ushee, wakati ile Ariel hata baada ya kukatwakatwa ilizidi kilo 100. Wakaiita Sherpa T. Mei 1965 aliipeleka Scotland akashinda. Ilikuwa mara ya kwanza stroko mbili kushinda pale. Viwanda vya Uingereza vya pikipiki hizi havikupona tena. Ndiyo sababu wakusanyaji wanaukata mstari hapo hapo, 1965: upande huu za Kiingereza, Ariel, BSA, Greeves, Triumph Cub, upande wa pili za Kihispania, Bultaco, Montesa Cota, Ossa ya mwendeshaji Mick Andrews.

Haya, kazini.

Nina mbili. Moja ni BSA Bantam. Marehemu baba aliiendesha Bantam alipokuwa chini ya bwana misitu, ndiyo maana nilipoiona ile yangu imeegemezwa kwenye banda la kondoo, imezibwa na kutu, sikuweza kuiacha. Bantam ni mtoto wa Kijerumani aliyelelewa Birmingham: michoro yake ni ya DKW RT125, ilichukuliwa kama fidia ya vita, nayo BSA ikaitoa 1948. Yamaha ya kwanza kabisa, ya 1955, ilinakili chombo hicho hicho. Vijana, jambo moja tu kuhusu nati zake. Spana zenu za milimita ziacheni kwenye boksi. Hizi zinataka spana za Whitworth, kipimo cha kale cha Kiingereza, na namba iliyochorwa kwenye spana hizo haihesabu upana wa kichwa cha nati, inahesabu unene wa bolti. Nimeona nati nyingi zilizoviringwa na watu waliokuwa na haraka na spana ya 13.

Ya pili ni Sherpa T. Niliinunua ikiwa ndani ya masanduku matatu. Mezani pale nimeweka vitu viwili kutoka kwenye masanduku hayo, na nataka mvione kwa karibu.

Hiki kipande cha kwanza, shika hapo mbele, pitisha kwa wenzako. Ni ukingo wa tangi la faibaglasi. Bonyeza kwa kucha. Inaingia, siyo? Tangi hizi ziliundwa wakati petroli ilikuwa petroli. Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inayeyusha gundi iliyoshikilia nyuzi za kioo. Mimi nilijaza tangi hili kwenye vuli, nikaliacha hadi machipuko. Nilipofungua kabureta nilikuta utando wa kahawia kama asali iliyoungua, umeziba jeti zote. Kosa lilikuwa langu, na tangi la asili la miaka 50 nililipoteza hivyo. Sasa nina la aluminiamu, na hata hilo nalimwaga kila nikimaliza siku.

Cha pili ni pistoni. Igeuzeni upande uliokuwa unatazama eksozi. Mnaona michirizi minne ya wima, na pale ringi imezikwa kwenye aluminiamu iliyoyeyuka? Injini ilikwama ikiwa ya moto. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikwisha kununua pistoni mpya, ipo kwenye sanduku, nayo ina michirizi ile ile. Aliitibu homa akaacha malaria. Stroko mbili inavuta mchanganyiko wake kupitia chumba cha krenki, kilicho chini ya silinda. Sili ya krenki ikikauka, hewa inapenya kando, mchanganyiko unakuwa hewa nyingi na mafuta machache, na kwa kuwa oili imo ndani ya hayo mafuta, joto linapanda na ulainishaji unashuka kwa wakati mmoja. Sili mbili za bei ya chakula cha mchana zimeua pistoni mbili. Kwa hiyo kwangu pistoni haifungwi kabla sili hazijabadilishwa na injini haijajazwa upepo kidogo kuona kama unatoroka.

Rangi ni kazi ya mwisho, na mara nyingi siifanyi. Fremu ya Bantam yangu ina kovu chini ya kikanyagio cha kulia, mahali ilipokokotwa juu ya miamba kwa miaka mingi. Nimeipima, haina ufa. Limebaki.

Hapa tunafika kwenye ugomvi wa kweli baina yetu wapenzi wa pikipiki hizi, na sitaki kuuzunguka. Leo ukienda kwenye mashindano ya kabla ya 1965 utaona pikipiki zenye tangi la zamani na jina la zamani, lakini uma wa mbele umechongwa juzi, fremu imetengenezwa upya, habu ni mpya, umeme wa kuwashia mafuta ni wa kielektroniki. Za zamani ni sahani ya namba na labda maganda ya injini. Zinapita safi mahali ambapo Bantam yangu inatia mguu mara mbili. Wanaozitetea wana hoja nzito, nayo ni Miller: yeye aliikatakata GOV 132 kuliko mtu yeyote, mbona hamumlaumu?

Hoja hiyo ilinisumbua kwa muda mrefu. Jibu nililolipata ni hili. Miller aliondoa kila kipande kwa sababu pikipiki ile, yeye akiwa juu yake, ilimwonyesha kinachomzuia. Ukisoma alama za msumeno wake unasoma miaka yake. Anayenunua fremu nzima kwa kadi ya benki hajaulizwa kitu na hajajibu kitu. Umeme wa kielektroniki naukubali, platini zinachosha na hakuna anayeziona. Breki naikubali, ni roho ya mtu. Lakini fremu na pembe ya uma ndiyo tabia ya chombo. Ukibadilisha hizo una pikipiki mpya, nzuri pengine, ila ipelekwe kundi lake. Msimamizi mmoja aliwahi kuniambia kwamba kwa msimamo huu nitabaki peke yangu kwenye orodha. Niko tayari.

Na isiendeshwe? Hapana. Mkusanyaji anayeiweka sebuleni simchukii, maana bila watu kama hao vyuma vingi vingeyeyushwa; Miller mwenyewe ana jumba la makumbusho kule New Milton, na GOV 132 imo. Ila pikipiki hii huwezi kuijua ikiwa imezimwa. Flaiwili yake ni nzito makusudi, ili injini isizime ikiwa inazunguka taratibu. Gia ya kwanza ni fupi kiasi kwamba mtoto anakupita kwa miguu. Tairi la nyuma linawekewa upepo pauni 4 au 5 tu, gari lenu lina 30, ili mpira ulale na kulikumbatia jiwe. Haya yote ni maneno matupu mpaka usimame kwenye vikanyagio, magoti yamelegea, ulisikie jiwe kupitia nyayo kabla hujaliona.

Basi, nimeongea vya kutosha. Kwenye uwanja wa nyuma nimepanga mawe na magogo, kipande kimoja, hatua 20, na mwenyeji wetu ametuazima pikipiki ndogo ya cc 125. Tairi nimekwisha kulipunguza upepo. Kofia ngumu ziko mlangoni. Mzee wangu uliyekaa pale mbele, nakuomba uwe mwangalizi, kadi hii hapa na kalamu. Vijana, kwanza piteni kwa miguu, mkitazame kipande. Halafu mmoja mmoja, gia ya kwanza, kidole kimoja kwenye klachi.