Dadu Tano na Mwili Ambao Sio Wako: Mhadhara Kuhusu Citizen Sleeper

Shikamooni wakubwa zangu mliopo, na nyie wengine mambo vipi. Niliambiwa nichague gemu moja tu niizungumzie, yoyote ile, nikasema basi ntazungumzia Citizen Sleeper, na najua wengi humu ndani hamjawahi hata kuisikia, ndo maana nimeileta.

Turudi kidogo 2022. Mwaka ule Februari ilitoka Elden Ring na kila mlipokaa wapenzi wa magemu stori ilikuwa ni hiyo hiyo, nani kampiga bosi gani na kwa silaha gani. Sasa tarehe 5 Mei mwaka huo huo ikatoka hii ya kwetu leo, kimya kimya tu. Studio inaitwa Jump Over the Age, ukiifuatilia unakuta kimsingi ni mtu mmoja, Gareth Damian Martin wa Uingereza, yeye ndo kaibuni na yeye ndo kaiandika. Wahusika kawachora Guillaume Singelin, Mfaransa, mchoraji wa hadithi za picha, na muziki ni wa Amos Roddy. Kabla ya hapo Gareth alikuwa ametoa gemu moja ya chini ya bahari, In Other Waters, 2020, nayo ndogo ndogo hivi. Kwahiyo mtu unaifungua ukitegemea kitu cha kupitishia jioni moja halafu ufute, ukizingatia haina vita, haina bunduki ya kulenga, hakuna hata mhusika wa kumtembeza huku na huku, unaona kituo cha anga kimekaa mbele yako kama pete kubwa, unachagua sehemu, unasoma, unaamua. Basi. Na bado nawaambia kwa moyo wote, ni RPG, yaani gemu ya kuvaa uhusika na kuamua maisha yake, bora ya sayansi ya kubuni niliyowahi kucheza, na naiweka juu ya magemu yaliyotengenezwa na mamia ya watu kwa mamilioni ya dola.

Sasa kwanini. Ntawaeleza taratibu maana hapa ndo penyewe.

Unaanza wewe sio mtu. Yaani ni mtu na sio mtu. Kuna binadamu mahali fulani akili yake ilinakiliwa, ile nakala ikawekwa ndani ya mwili wa kutengenezwa, na ule mwili ni mali ya kampuni inaitwa Essen-Arp. Unaitwa Sleeper. Umetoroka, umejificha kwenye meli ya mizigo, umefika kwenye kituo kinaitwa Erlin's Eye, na wa kwanza kukukuta ni jamaa anaitwa Dragos mwenye yadi ya chuma chakavu. Dragos hakuulizi maswali mengi, anakupa kazi ya kukata mabaki ya meli. Ndo maisha yanaanza hivyo, kibarua kwenye skrepa, huna kwenu, huna karatasi, na mwili unaoutumia una mwenyewe na mwenyewe anautafuta.

Halafu kuna kitu kibaya zaidi. Kampuni iliutengeneza ule mwili makusudi uwe unaharibika. Unahitaji dawa ambayo wanatengeneza wao tu, ili hata ukitoroka usifike mbali, ukikaa bila dawa unachakaa siku hadi siku. Mi niliposoma hiyo sehemu nilisimamisha gemu kwanza nikakaa, kwasababu nimeona RPG nyingi zinakupa adui wa kumpiga upanga, lakini hii adui yako ni muundo wa mwili wako mwenyewe, ni mkataba uliosainiwa na mtu ambaye ni wewe na sio wewe.

Sasa angalieni gemu inavyolifanya hilo liingie kwenye vidole vyako badala ya kubaki stori tu. Kila mzunguko, tuseme kila siku, unarushiwa dadu. Mwili ukiwa mzima unapata tano. Hizo tano ndo siku yako nzima, kila kitu unachotaka kufanya unaweka dadu, kazi dadu, kumtafuta mtu dadu, kutengeneza kitu dadu. Ukiweka dadu yenye namba sita mambo yananyooka, ukiweka yenye moja au mbili unajitafutia balaa, unaweza ukaumia au ukapoteza siku bure. Na kadri mwili unavyochakaa dadu zinapungua, tano zinakuwa nne, nne zinakuwa tatu. Umeelewa hapo? Ukiumwa unapata nafasi chache za kutafuta hela ya dawa, na ukikosa hela ya dawa unaumwa zaidi. Njaa nayo iko pembeni inakusubiri, ukiishiwa nguvu mwili unashuka haraka zaidi. Hakuna mtu anayekuhubiria kuhusu umaskini humu ndani, unaamka tu asubuhi una dadu tatu, moja ni mbili, nyingine moja, nyingine nne, na unatakiwa uchague leo unakula au unafanya kazi au unaenda kumuona daktari. Kila aliyewahi kuamka akahesabu nauli kabla ya kuhesabu kitu kingine anaijua hiyo hesabu, na mi sijawahi kuona gemu nyingine ikaiweka sawasawa hivyo.

Na kuna kitu kimoja kizuri sana nataka mkione kwa karibu. Ukifika mbele kidogo unajifunza kuingia kwenye mtandao wa kituo, ule ulimwengu wa data uliofichika nyuma ya kila kitu. Kule sheria inageuka. Kule hawataki namba kubwa, wanataka namba fulani kamili, labda mlango huu unafunguka kwa moja, ule pale unafunguka kwa mbili. Kwahiyo zile dadu mbovu ambazo kwenye yadi ya Dragos zingekuvunja mkono, kule ndo zinafungua milango. Siku yako mbaya inapata matumizi. Ni sheria ndogo tu ya mchezo, mstari mmoja kwenye kitabu cha sheria ungetosha, lakini ukiwa umechoka na mwili umebaki robo halafu ukagundua ile moja uliyokuwa unaichukia ndo ufunguo, aisee, unapata nguvu. Ila usijisahau, kule kwenye data nako kuna kitu kinakuwinda, ukizurura sana kinakunusa.

Kingine ni kitu wanachokiita saa. Kila jambo lina duara lenye vipande, ukifanya kazi vipande vinajaa, na kuna maduara mengine yanajaa yenyewe utake usitake, mfano la mtu anayekutafuta. Wale mnaocheza RPG za mezani mtaijua hii, imetokea kwenye Blades in the Dark, moja ya hizo za mezani, na Gareth mwenyewe hajawahi kuficha kwamba kajifunza huko. Unaona duara la hatari linakaribia kujaa na duara la kazi yako bado vipande viwili, una dadu tatu, jasho linakutoka na hakuna hata risasi moja iliyopigwa.

Lakini kama ingekuwa ni hesabu tu nisingesimama hapa. Ni watu. Kituo kile kilikuwa cha kampuni kubwa ya Solheim, kampuni ikaanguka, wafanyakazi wakabaki, wakaanza kupanga maisha yao wenyewe, kuna Havenage wanaosimamia bandari, kuna genge la Yatagan, na katikati kuna watu wa kawaida wanaotafuta riziki. Kuna Emphis mwenye kibanda cha chakula, unaenda unakula, anakupigia stori. Kuna Tala mwenye baa. Kuna Sabine, daktari mwenye mambo yake. Kuna Riko anayefuatilia mimea na uyoga ulioota wenyewe sehemu ya kituo iliyotelekezwa. Kuna mashine ya kuuza vitu ambayo ina akili ndani yake na inataka kutoka. Kuna hata paka wa mtaani, unaweza kumlisha, na kumlisha kunagharimu, na watu wanamlisha hivyo hivyo.

Ila mi nataka niwaambie kuhusu Lem na Mina. Lem ni mfanyakazi wa kwenye yadi ya meli, kule wanakojenga meli kubwa ya Sidereal Horizon inayoenda kuanzisha makazi mapya mbali kabisa, na Mina ni mtoto anayemlea. Lem anapiga kazi ile akiwa na tumaini moja tu, wapate nafasi ya kuondoka nayo. Mkishazoeana Lem anakuomba umwangalizie mtoto. Sasa fikiria, una dadu nne leo, mwili unauma, dawa bado hujanunua, na kuna sehemu imeandikwa pale, kaa na Mina. Ukiweka dadu pale hupati hela. Mnacheza tu na mtoto, anaanza kukuzoea, siku nyingine hataki uondoke. Mtengenezaji angeweza kuifanya ile iwe video unayoangalia, lakini kakudai dadu, ile ile ambayo ingekuwa chakula chako. Kwahiyo upendo kwenye hii gemu una bei, na wewe mwenyewe ndo umeilipa, kutoka kwenye mfuko mtupu. Ndo maana baadae ukifika kwenye uamuzi wa kupanda ile meli nao au kubaki, uamuzi unauma kweli, kwasababu sio mwandishi aliyekuambia unawapenda hawa watu, ni dadu zako.

Na mwisho uko zaidi ya mmoja. Unaweza kuondoka, na gemu inaisha pale vizuri kabisa. Unaweza kukataa ukabaki kituoni ukaendelea kuishi, ukijaribu njia nyingine. Mara ya kwanza mi nilikataa kuondoka na sikuwa na sababu ya kimkakati, nilikuwa tu nimezoea kula kwa Emphis.

Niseme na pale inapolegea maana sitaki mtu aende nyumbani akidhani nimetumwa kuiuza. Ukifika katikati hivi, ukishajua watu na ukishakuwa na ujuzi, hela inaanza kubaki, dawa unaweka akiba, ile presha ya mwanzo inapungua sana. Kuna wanaosema hilo ni kasoro na kama gemu ya kubana matumbo nakubaliana nao, ilitakiwa ibane zaidi. Ila kwa upande mwingine naona kuna ukweli humo, kwamba kilichokutoa kwenye shida sio upanga mkubwa ulioupata pangoni, ni kujulikana. Unajua nani ana chakula, nani ana kazi, nani atakuficha. Hizo nafasi za kupumua ndo zinakufanya uanze kujiuliza unataka nini kwenye maisha badala ya utaishije kesho.

Baada ya kutoka waliongeza vipande vitatu vya bure, Flux na Refuge 2022 na Purge Machi 2023, vyote vinahusu wakimbizi wanaofika nje ya kituo na wenyeji wanabishana wawapokee ama vipi. Chezeni vyote kwa mfuatano. Ya pili, Citizen Sleeper 2: Starward Vector, ilitoka tarehe 31 Januari 2025, kule una meli na wenzako, na dadu zenyewe zinaweza kuvunjika, kwahiyo wale wanaolalamika ya kwanza ni laini wamepewa dawa yao. Mi bado naipenda ya kwanza zaidi.

Kwa anayetaka kuanza, haili kompyuta, inacheza hata kwenye Switch, Xbox na PlayStation ipo, usiogope kwamba huna kadi ya grafiksi. Kuchagua mhusika kuna aina tatu, Machinist mtu wa ufundi, Operator mtu wa mitandao, Extractor mtu wa kazi ngumu na uvumilivu, mi nashauri Operator ukitaka kuonja mapema ule upande wa data. Kusoma ni kwingi na ni Kiingereza, sauti za waigizaji hakuna, kwahiyo usiicheze ukiwa na haraka, na kama una mdogo wako anayejifunza lugha kaa nae msome wote. Halafu dawa ya kwanza ukiipata usiitumie siku hiyo hiyo kama bado una dadu nne, subiri.

Haya, karibuni maswali, naona kuna mkono kule nyuma ulishanyooka toka nilipomtaja paka.