Rupia ya Chunguni Haitoki na Shingo ya Njiwa

Mwangaluka, wazee wangu. Mwangaluka, vijana. Walionisikia mwaka jana wanajua nitaanzia wapi. Wakitaka, watoke wakanywe chai. Naanzia palepale, kwenye yai, lile la kuipikia sarafu kuukuu rangi ya uongo.

Mimi ni sonara. Kuitia fedha weusi ni riziki yangu. Ukiniletea bangili yenye nakshi, naipitisha kwenye dawa ya salfa, weusi unakaa kwenye mabonde ya nakshi, juu nasugua panang'aa. Kwa hiyo mtu akinipikia rangi, hilo jiko nalijua.

Kijana mmoja alinijia dukani na rupia ya 1905, sarafu ya fedha ya enzi za Mjerumani hapa kwetu, ile ya Kaisari Wilhelm na kofia yake ya tai. Buluu, zambarau, waridi, mithili ya shingo ya njiwa. Nikamuuliza imetoka wapi. "Mjomba kaichimba chini ya mwembe, ilikuwa kwenye chungu." Jamani, miembe ya Tabora! Kila rupia ya Mjerumani imezikwa chini ya mwembe. Kwa hesabu hiyo mizizi ingekuwa imekosa pa kupita.

Sasa nisikilizeni. Rupia ile ni fedha sehemu 917 katika 1,000, iliyobaki ni shaba. Izike kwenye udongo wenye unyevu na chumvi, halafu ifukue. Inatoka imefubaa, nyeusi ya kijivu, na ukijani wa shaba umeing'ang'ania. Shingo ya njiwa inapatikana kwingine: sarafu iliyolala miaka kwenye bahasha ya karatasi, au albamu ya kadibodi, au droo isiyofunguliwa. Pale salfa inaijia kidogo kidogo, mara nyingi ikianzia ukingoni na kuelekea kati. Kwa hiyo hadithi ya huyu bwana ilitoka chunguni, rangi yake ikatoka kwingine, na hivyo viwili havikuwahi kuonana.

Nikachukua lenzi ya mara kumi. Chini ya rangi, michirizi, yote imelala upande mmoja: waya wa kusugulia masufuria. Na rangi imeingia ndani ya michirizi ileile. Maana yake sarafu ilisuguliwa kwanza, ikapakwa ukongwe baadaye. Nikaiinamisha chini ya taa moja. Rupia ambayo haijaguswa, ule mng'ao unaoachwa na mashine ya kugonga sarafu unazunguka chini ya rangi kama mwanga kwenye tairi ya baiskeli inayokimbia. Hii ilikaa kimya tu. Mwisho nikainusa. Tulikaa nusu saa, soda ikaisha, akakiri: yai la kuchemsha, lililokatwa katikati, ndani ya kopo lenye mfuniko, na rupia pembeni. "Lakini lilikuwa la kienyeji, mzee." Nikamwambia angalau hapo hukudanganya.

Najua kuna mwalimu wa kemia humu, na ameshanyanyua mkono mara mbili. Atasema: salfa ya yai na salfa ya hewani si ni moja? Ni moja. Utando unaotokea ni uleule, salfa iliyoungana na fedha. Mimi sibishani na salfa, nabishana na mwendo. Chukueni dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi pale stendi baada ya mvua. Dizeli yenyewe haina buluu wala waridi. Utando ukiwa mwembamba, mwanga unaorudi kutoka juu yake na ule unaorudi kutoka chini yake vinakutana, na unene wa utando ndio unaochagua rangi ya kuonekana. Kwenye fedha utando unanenepa polepole, na rangi zinafuatana kwa foleni: manjano hafifu, dhahabu iliyoiva, kahawia yenye wekundu, zambarau, buluu. Halafu inapauka na kuanza mzunguko mwingine, na kijani kinakuja huko mbele. Sasa wewe unaniletea sarafu yenye buluu iliyogusana na fedha nyeupe, bila hata ukucha wa manjano katikati? Hiyo imeruka foleni. Tazameni na kando ya herufi: utando wa miaka mara nyingi hufifia pale herufi inapopanda. Rangi ya harakaharaka hupita juu ya kila kitu kama koti la mvua.

Tena msije na asetoni mkaniambia, "nimeifuta, haikutoka, basi ni halisi." Asetoni inatoa rangi ya kupaka, nta na vanishi. Utando wa salfa haiuwezi, uwe wa miaka hamsini au wa yai la jana.

Na nisiwadanganye, ziko zinazonishinda. Hata zile kampuni za Marekani zinazokagua sarafu na kuzipa madaraja, PCGS na NGC, rangi wakiitilia shaka hawaipi sarafu daraja la namba.  Yaani hawataki kuapa. Nami siapi.

Shilingi ya Mwingereza, ile ya hapa Afrika Mashariki, haraka. Zile za kuanzia 1921 hadi Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha zina fedha robo tu. Zinakuwa kijivu, kahawia, chafuchafu. Ukiona yenye upinde wa mvua mzima, shika pochi yako.

Nilitaka niseme kwa kirefu juu ya hela zetu wenyewe, yaani heller, senti za Mjerumani, zile za 20 zenye herufi T, za 1916, zilizogongwa hapahapa Tabora kabla Mbelgiji hajaingia Septemba mwaka uleule. Nyingine shaba nyekundu, nyingine shaba ya njano, na kila moja ina namna yake ya kuzeeka. Ile rupia ya dhahabu yenye tembo nayo dhahabu yake ni robo tatu tu, kwa hiyo... Naam, mwenyekiti ananionyesha saa. Yai limekula muda, kama mwaka jana.

Haya, wenye sarafu zileteni hapa mezani, mzishike ukingoni. Na wewe mama wa safu ya pili, nimekuona: hiyo usiifute na khanga.