Usukani wa Kijani Unakuambia Nini

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za asubuhi.

Magari mengi yaliyotumika yanayoshuka bandarini siku hizi kutoka Japani yana kamera ndogo juu ya kioo cha mbele, jirani na kioo cha kutazamia nyuma. Kamera ile inasoma mistari ya barabara, na mfumo unausukuma usukani kidogo kidogo ili gari likae katikati ya leni. Maandishi ya dashibodi mara nyingi ni ya Kijapani. Kwa wengi wetu zimebaki alama tu, basi tujifunze kuzisoma.

Kwanza tutenganishe zinazofanana. Kigari chenye michirizi iliyopindapinda nyuma yake hakihusiani na leni. Hicho ni cha mfumo wa kuzuia gari lisiteleze. Kigari kilichokanyaga mstari ni onyo la kutoka kwenye leni. Usukani, mara nyingi ukiwa pamoja na mistari miwili, ndio mada yetu.

Sasa rangi, na hapa naomba tusikilizane vizuri. Usukani mweupe au wa kijivu maana yake mfumo umewashwa, lakini bado haukusaidii chochote. Unasubiri. Ukigeuka kijani, umeiona mistari na umeanza kazi. Tesla wanatumia buluu badala ya kijani. Kwenye Honda nyingi utaona leni ya vinukta ikigeuka mistari kamili, na kwenye Toyota nyingi mistari iliyokuwa mitupu ndani inajaa weupe. Maana ni ileile: kamera imeona.

Kinachonikosesha usingizi ni safari ya kurudi, kijani kinapogeuka kuwa cheupe. Umefika palipozibwa viraka na rangi haijapakwa upya, au mvua imeshika, au jua la magharibi linapiga kamera usoni. Mfumo unauachia usukani, na mara nyingi hautoi mlio wowote. Uko kwenye kona, umezoea kusaidiwa, na msaada umeshaondoka. Kwa hiyo hiyo alama itupieni jicho kila mara, kama mnavyotazama kioo cha pembeni. Ukiwasha indiketa pia inaweza kurudi nyeupe. Hapo hakuna ubovu, mfumo umeelewa kwamba unahama leni.

Rangi ya chungwa ina maana mbili, na watu huzichanganya. Mstari wa upande mmoja ukimetameta, gari linaegemea upande huo. Alama yenyewe ikiwaka chungwa na kubaki, kuna hitilafu au kamera imezibwa. Anza kwa kufuta kioo. Vumbi peke yake linatosha.

Halafu kuna mikono miwili juu ya usukani. Kanuni namba 79 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu usukani, inataka picha hiyo itokee kabla hazijapita sekunde 15 tangu uachie. Zisipite 30 kabla picha haijawa nyekundu na mlio kuanza, na ukiendelea kukaidi mfumo unajizima. Magari mengi hayahisi ngozi ya kiganja, yanahisi nguvu kidogo ya kuzungusha. Ndiyo maana umeshika na bado unaambiwa shika. Uzungushe usukani kidogo sana, picha itaondoka. Wapo wanaofunga uzito kwenye usukani ili kuidanganya gari. Nawasihi, msifanye hivyo: mnazima onyo la mwisho mlilonalo.

Mzee hapo nyuma ameuliza: alibadilisha kioo cha mbele baada ya kupigwa na jiwe, na tangu siku hiyo taa ya chungwa haizimiki. Mzee wangu, kamera ilitolewa ikarudishwa, na huenda sasa inatazama pembeni kidogo ya pale ilipotazama. Inahitaji kupimwa na kurekebishwa upya kwa mashine, na si kila gereji inayo. Uliza kabla hujalipia kioo. Hadi ipimwe, uzime mfumo kwa kitufe chake, uendeshe kwa mikono yako.